Vifaranga wa bata wanapokufa ghafla: fanya haya kabla hujanunua dawa

Kuku haumwi kimyakimya. Akipatwa na mdondo utamsikia anakoroma, utamwona amejikunyata na mbawa zimelegea, na unapata muda wa kujiandaa na hasara. Kifaranga wa bata hana habari hizo. Saa nne asubuhi anapiga mbizi kwenye beseni, saa saba yuko chali, na wenzake watatu wako pembeni yake. Ndiyo maana vifo vya bata, Unguja na Pemba, haviishi kuzungumzwa barazani: mara jicho la jirani, mara upepo mbaya, mara mayai yalikuwa na kasoro. Jicho ni haki, sibishani na hilo. Lakini jicho haliloweshi manyoya, wala halitii chumvi kwenye dagaa.

Ninayoyaandika ni ya mfugaji wa uani: majike mawili matatu ya bata wa kienyeji, hawa wenye nyama nyekundu usoni, dume mmoja, na vifaranga wanaopatikana. Kila anayenijia na kilio hiki namwambia jambo lile lile. Kabla ya kuuliza ni ugonjwa gani, jiulize walikufa saa ngapi, walikuwa wapi, na wamelala vipi. Majibu ya maswali hayo huonyesha chanzo mara nyingi kuliko pakiti ya unga ya dukani. Tena dawa nyingi zinazouzwa zimepimiwa kuku. Bata anakunywa maji mengi kuliko kuku wa umri wake, kwa hiyo dawa ya kutia kwenye maji anaweza kuimeza kwa wingi usiokusudiwa.

Hatua ya kwanza: waliobaki

Ukikuta wamekufa, hesabu walio hai, kisha wahamishe pale pale. Boksi la karatasi lenye majani makavu linatosha, na mama yao awe nao kama yupo. Mwaga maji yote waliyokuwa wakinywa. Ondoa chakula chote, hata kama umekinunua jana na kinanukia vizuri, lakini usikitupe: kiweke kando kwenye kopo, kitahitajika baadaye.

Wape maji mapya ya kunywa, yale ambayo wewe mwenyewe unakunywa, na wali wa chenga usiotiwa chumvi wala tui. Kwa siku moja hiyo hawatapungukiwa na kitu. Dawa bado.

Aliyelegea na mwili wake ni baridi ukimgusa, usimtilie maji mdomoni kwa nguvu, atapaliwa. Mfute akauke, mfunike kwa kanga kuukuu karibu na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Akianza kupiga kelele na kutaka kusimama, hapo ndipo apewe maji.

Hatua ya pili: usikimbilie kuwatupa waliokufa

Kabla hujawagusa, wapige picha kwa simu pale pale walipolalia. Mkao wa mwili ni ushahidi, na ukishamwinua kifaranga umeufuta. Kisha chagua wawili watatu waliokufa karibuni zaidi, watie kwenye kopo lenye mfuniko (mifuko ya plastiki kwetu imepigwa marufuku tangu 2006, ingawa wengine bado wanajua pa kuipata), na uwaweke kwenye friji au kwenye ndoo yenye barafu. Usiwagandishe. Kwa joto letu maini huoza ndani ya saa chache, na maini ndiyo daktari atakayoyatazama kwanza.

Osha mikono kwa sabuni. Watoto wasiwachezee waliokufa, na walio hai pia wasiwabusu. Bata hubeba salmonela, vijidudu vinavyomharisha mtu, akiwa mzima kabisa.

Hatua ya tatu: soma saa

Hapa ndipo pa kutulia, maana usiku na mchana huua kwa njia tofauti.

Waliokufa usiku, wakakutwa asubuhi wamerundikana pembe moja, wengine wamebanwa chini: hiyo ni baridi. Vifaranga wakisikia baridi hupandana wakitafuta joto, na walio chini hukosa pumzi. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hivi pale wanapolala, kisha unapunguza nyuzi kama 3 kila wiki. Mchana wa kaskazi joto hilo linapatikana bure. Usiku wa masika, au alfajiri ya kusi mwezi wa saba, halipo. Siku hizi kuna mtego mpya: mtu anawafungia taa, anaona mwanga, anaridhika. Taa hizi nyeupe za kupunguza bili hazitoi joto la maana. Inayotoa joto ni ile ya zamani ya waya, na hiyo nayo umeme ukikatika saa nane za usiku haina faida. Kwa hiyo uwe na chupa za maji ya moto za akiba, au uwaache chini ya mbawa za mama yao, ambaye hategemei umeme.

Waliokufa usiku katika chumba kilichofungwa, hawakurundikana, hawana jeraha, wametapakaa kama waliolala tu: uliza kama kulikuwa na jiko la mkaa. Watu wengi huingiza jiko ndani ya banda kuwapatia joto, wakaziba matundu kwa magunia ili upepo usiingie. Hewa ya mkaa haina harufu wala haionekani, na inaua kifaranga, kuku, na hata binadamu. Jiko lisilale ndani ya banda, wala ndani ya chumba cha watu.

Walio pungufu asubuhi bila hata unyoya: mtafute anayekula. Kenge na chatu humeza kizima. Panya huvuta mpaka shimoni, na ukichunguza ukuta utaona tundu unaloweza kuingiza vidole viwili vitatu. Nguchiro ana tabia mbaya zaidi, anaua wengi kuliko anaokula, akawaacha wameumwa shingoni. Siafu nao, ukikuta miili imetobolewa na wadudu wamejaa, wameshakujibu wenyewe. Hapo ni jivu kuzunguka banda na kuhamisha kiota usiku huo huo.

Walio pungufu mchana: mtuhumiwa wa kwanza ni kunguru. Kunguru hawa waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na takataka wamezila, lakini hawakuishia hapo. Kunguru mmoja anamchokoza mama, mwenziwe anabeba mtoto. Dawa yake ni nyavu chakavu za uvuvi. Waulize wavuvi wa diko la karibu, watakupa kwa bei ya salamu. Zitandike juu ya ua kwa miti mirefu, zivutwe vizuri zisining'inie, maana wavu uliolegea hunasa shingo za vifaranga wenyewe.

Waliokufa saa saba au saa nane mchana, midomo wazi, shingo zimenyooka, kwenye banda la mabati: joto. Makuti yana heshima yake. Kama huna ila bati, liwekee makuti juu yake, na upande mmoja wa banda uwe wazi kwa wavu.

Hatua ya nne: soma mwili

Mguse manyoya. Yamelowa mpaka ngozini? Basi ameuawa na maji, na hili wengi hawalikubali kwa sababu bata ni ndege wa maji. Kifaranga aliye na mama yake wa bata hupata mafuta kutoka kwenye manyoya ya mama, na maji hayapenyi. Aliyeanguliwa na kuku, au kwa mashine, hana mafuta hayo siku za mwanzo. Ukimwekea karai la maji ataingia kwa furaha, ataloa, atashindwa kutoka kwenye kingo zinazoteleza, na atakufa kwa baridi au kwa kuzama, jua likiwaka. Tunapenda sana kumlalisha kuku juu ya mayai ya bata, kwa kuwa kuku ni mwepesi wa kuatamia, na si vibaya. Lakini vifaranga hao wasiogelee wiki tatu za mwanzo. Wawekee maji kwenye kifuu kikubwa kilichozamishwa kidogo ardhini, au bakuli lililojaa kokoto: mdomo na pua vizame, kiwiliwili kisiingie. Pua ni lazima zizame, kwani bata huziosha kwa kuzichovya, na asipoweza chakula huganda puani na machoni.

Kichwa kimepinda nyuma mpaka mgongoni na miguu imenyooka kama aliyekuwa akipiga mateke? Kama ni wengi, umri wao ni chini ya wiki sita, na kila mmoja alikufa ndani ya saa moja au mbili tangu alipoanza kuyumba, mwambie daktari wa mifugo neno hili: homa ya ini ya vifaranga wa bata. Ni ugonjwa wa virusi, ulielezwa mara ya kwanza Long Island, Marekani, mwaka 1949, na unajulikana kwa kuua vifaranga huku mama zao wakitembea salama kabisa. Hauna dawa ya kuutibu. Ukipasuliwa mwili, ini huonekana limevimba na lina madoa ya damu. Usitoe hukumu kwa mkao peke yake, kwani chumvi nyingi na upungufu wa vitamini B navyo hupinda shingo. Ila uchukue hadhari: waliopona hubeba virusi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wasichanganywe na watakaoanguliwa baadaye.

Shingo imelegea kama kamba, kichwa kinaburuta chini, akiguswa hana nguvu hata ya kufumbua macho? Hapo nenda ukatafute mzoga. Kuna sumu inayotengenezwa na vijidudu ndani ya nyama iliyooza, na funza wanaokula nyama hiyo huibeba bila kudhurika. Bata anawapenda funza kupita kiasi. Tafuta kuku aliyekufa chini ya kichaka, samaki walioachwa na maji bondeni, utumbo uliotupwa nyuma ya jiko. Uzike ndani sana, wahamishe bata, wape maji safi mara kwa mara. Wasiokula nyingi huinuka baada ya siku mbili tatu.

Kitovu kimevimba, kinanuka, na kifaranga ana siku mbili tatu tangu kuanguliwa? Kiota kilikuwa kichafu. Mayai yenye kinyesi yasitiwe kwenye kiota, na majani ya kiota yabadilishwe kabla jike halijaanza kuatamia.

Waliohema kwa shida, wanafungua mdomo bila sauti, siku kadhaa kabla ya kufa: tazama matandiko. Makumbi na majani mabichi hushika ukungu, na ukungu huo huota ndani ya mapafu. Magazeti nayo yanateleza, miguu inapanuka pande mbili na haijirudi. Mchanga mkavu au majani makavu ni bora kuliko vyote viwili.

Hatua ya tano: rudi kwenye lile kopo la chakula

Kama saa na mwili havikukujibu, chakula na maji vitakujibu. Mimi hapa ndipo ninapopata majibu mengi kwa watu wanaoishi pwani.

Kwanza chumvi. Dagaa wetu wa Zanzibar, hasa wale wanaoandaliwa kuuzwa nje, huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kwa mchuzi hakuna neno. Ukiwatwanga ukawachanganya na pumba ukawapa vifaranga wa wiki moja, umewapa sumu. Kifaranga hawezi kuitoa chumvi mwilini kama bata mkubwa. Atakunywa maji bila kukoma, ataharisha maji matupu, atayumba, atakufa. Hesabu pia kisima. Vijiji vya ukanda wa maweni, na vile vya karibu na bahari, vina visima ambavyo maji yake yana ukakasi wa chumvi, na kiangazi kikipamba moto huzidi. Watu wameshayazoea, kifaranga hayawezi. Yaonje. Ukisikia chumvi ulimini, vifaranga watumie maji ya mvua au ya bomba mpaka watimize mwezi. Mabaki ya wali wa nazi, pweza wa chumvi, mchuzi wa jana, vyote hivyo viishie kwa paka.

Ukitaka kuwapa dagaa, tafuta wasiotiwa chumvi, au waloweke usiku, umwage maji, uwachemshe tena umwage tena.

Pili ukungu. Vifaranga wa bata ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika haraka mno na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na vifaranga wa bata pia, bila mtu kujua sababu, mpaka ilipogundulika ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Ndipo sumukuvu ya aina hiyo ikapata jina. Kwetu mashudu ya karanga ni nadra, lakini pumba za mahindi zilizokaa kirobani juu ya sakafu ya saruji wakati wa masika ni za kila nyumba. Machicha ya nazi nayo yakilala siku moja tu bila kukaushwa yameharibika. Kupika hakuiondoi sumu hii, na kuanika hukausha ukungu tu, sumu inabaki. Pumba zilizoshikana mabonge au zenye harufu ya uvundo ziende kwenye shimo la mbolea. Nunua kidogo kidogo, na kiroba kikae juu ya ubao.

Tatu, chakula cha vifaranga wa kuku. Si sumu, na ukikosa kingine kitumie, lakini bata anahitaji vitamini ya niasini karibu mara mbili ya kuku. Asipoipata, miguu hupinda, magoti huvimba, anabaki amekaa, mwishowe wenzake wanamkanyaga au anashindwa kufika kwenye maji. Mwenye bata anasema kafa ghafla. Vitamini B za maji zinazouzwa maduka ya dawa za mifugo husaidia zikiwahi, pamoja na pumba laini za mpunga zilizo mpya na samaki wabichi waliochemshwa bila chumvi. Soma pia karatasi ya kwenye mfuko. Chakula kilichochanganywa dawa ya kuku kiache.

Na jambo dogo ambalo huua wengi: chakula bila maji. Bata hamezi unga mkavu bila kunywa, hukwama kooni. Wala usiwanyime maji asubuhi nzima kisha ukawamiminia, watakunywa mpaka wayumbe. Maji yawepo kila chakula kilipo, na yakiisha, chakula nacho kiondolewe.

Dawa za panya, dawa za mbu, na mabonde ya mpunga yaliyopigwa dawa sina haja ya kuyaeleza.

Hatua ya sita: ni wakati gani umwite daktari

Wakifa zaidi ya wawili kwa siku na hukupata jibu katika hatua zilizopita, usingoje. Mpigie afisa mifugo wa wilaya, au pitia kwa sheha akuelekeze. Unguja maabara ya mifugo iko Maruhubi; Pemba anzia ofisi ya mifugo ya wilaya yako. Peleka lile kopo la mizoga, kopo la chakula, na chupa ya maji ya kisima. Mweleze umri wa vifaranga, nani aliwaangua, saa ya kifo cha kwanza na cha mwisho, na dawa yoyote uliyokwisha kuwapa, hata ile uliyoambiwa na jirani.

Ikiwa bata wakubwa, kuku na kunguru nao wanakufa pamoja mtaani, jambo limebadilika. Usimpasue yeyote, usihamishe ndege yeyote, toa taarifa siku hiyo hiyo. Mafua ya ndege huanza hivyo.

Kuna desturi ya kuwahi kisu, mtu akiona ndege anayumba anamchinja haraka asije akawa nyamafu. Kwa bata wanaokufa bila sababu iacheni. Damu na manyoya ya mgonjwa yakitapakaa uani ndiyo njia ya haraka ya kuwapa wengine.

Hatua ya saba: kuzika na kusafisha

Shimo la kina cha mkono mzima, mizoga chini, chokaa juu yake, kisha udongo na jiwe zito ili mbwa na nguchiro wasifukue. Chokaa kwetu si tatizo. Matandiko ya zamani yachomwe. Vyombo vioshwe kwa sabuni kisha vianikwe juani siku mbili. Banda lifagiliwe, lipakwe chokaa ukutani, liachwe wazi. Kama daktari alithibitisha ugonjwa wa virusi, liache banda tupu kwa wiki kadhaa na vifaranga wapya walelewe upande mwingine wa kiwanja.

Nyumbani nako kuna kazi. Mara nyingi mtoto wa skuli ndiye aliyepewa kazi ya kuwaangalia, na lawama zote humwangukia. Mweleze ulichokigundua, mwonyeshe kisima au dagaa au tundu la panya, na mpe kazi ya kuliziba. Jike lililofiwa litaita na kuzunguka siku mbili tatu, mwache. Usimpe vifaranga wa jike jingine bila kumtazama, wengine huwaua.

Hatua ya nane: kizazi kijacho

Bata wa kienyeji anaatamia siku 35, bata wengine siku 28. Usimwache alale tu kwa kuwa amependa. Hesabu mbele: akilala mwisho wa mwezi wa pili, vifaranga watatoka mwanzoni mwa mwezi wa nne, katikati ya masika, kwenye matope na pumba zenye uvundo. Mayai hayo kula au uza. Mlalishe mwezi wa tano, watoke masika yakiisha, na wakati huo uwe umeshaomba nyavu, umeshaziba tundu, na umeshaonja maji ya kisima.